Kabla Hujanunua Kioo cha Kuzuia Risasi

Mwenye duka la kubadilishia fedha, au sonara, au mwenye kituo cha mafuta kinachouza usiku kucha, akiisha kuingiwa na khofu ya majambazi na kuazimia kuweka kioo cha kuzuia risasi, neno lake la kwanza kwa muuzaji aghalabu huwa ni moja: mita ya mraba ni kiasi gani? Swali hilo si baya, ila limewahi mno kuulizwa, kwa kuwa kioo hicho hakina bei mpaka kwanza ijulikane kinatakiwa kizuie risasi ya silaha gani, iliyopigwa kutoka umbali gani, mara ngapi, na kitasimamishwa katika ukuta wa namna gani. Muuzaji anayetaja bei kabla ya kuyauliza hayo, ama haijui biashara yake, ama anaijua kupita kiasi. Muradi wa makala haya ni kumpa mnunuzi ilimu ya kutosha kuyajibu maswali hayo, na kisha naye ageuke amwulize muuzaji ya kwake.

Tuanze na utengenezaji, maana humo ndimo ilimojificha sababu ya gharama. Asili ya kioo ni mchanga wenye silika nyingi, unaochanganywa na magadi na mawe ya chokaa, ukayeyushwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 1,500 na zaidi. Magadi hayo si kitu kigeni kwetu: Ziwa Magadi la Kenya limekuwa likichimbwa tangu mwanzo wa karne ya ishirini, na mazao yake husafirishwa mpaka ng'ambo kwa ajili ya viwanda vya vioo. Uji huo wa moto humwagwa juu ya madini ya bati yaliyoyeyushwa, ukaelea na kutandaa wenyewe, ukatoka bapa pande zote mbili pasina kusuguliwa. Nayo ni njia iliyotangazwa Uingereza na kampuni ya Pilkington mwaka 1959, ikaenea takriban ulimwengu mzima, hata huku kwetu Mkuranga, mkoani Pwani, ambako kiwanda cha vioo bapa kilizinduliwa mwaka 2023.

Walakini kioo hicho bapa, hata kifikie unene wa vidole vinne, peke yake hakimfai mtu mbele ya mtutu, kwa sababu ufa ukishaanza hukimbia mpaka ukingoni pasi na kizuizi. Dawa yake ilipatikana kwa Mfaransa Édouard Bénédictus, ambaye yasemekana mwaka 1903 aliangusha chupa ya maabara ikapasuka isitawanyike, kwa kuwa ndani yake mlikuwa mmekaukia utando wa namna ya plastiki. Na mwaka 1909 akasajili haki ya uvumbuzi wa kioo cha matabaka. Siku hizi utando utumikao zaidi ni ule uitwao kwa kifupi PVB, unaouzwa kwa marobota ya unene wa milimita 0.38 au maradufu ya hapo, na ambao unapoingia kiwandani huwa bado una ukungu, mtu asiweze kusoma gazeti nyuma yake.

Vioo hukatwa kwanza kwa kipimo kamili, vikaoshwa kwa maji yaliyoondolewa chumvi, vikapangwa kioo na utando, kioo na utando, ndani ya chumba ambacho joto na unyevu wa hewa yake hupimwa muda wote, kwani hata alama ya kidole cha fundi ikisahauliwa katikati ya matabaka haiwezi kufutwa tena. Kisha hewa iliyonaswa humo hutolewa, ama kwa kulipitisha fungu zima baina ya roli za moto, ama, likiwa ni fungu nene, kwa kulitia ndani ya mfuko na kuifyonza hewa yote. Ndipo linapoingizwa katika otoklevu, yaani tangi la chuma lenye mlango mzito, likapashwa joto mpaka karibu nyuzi 140 chini ya mgandamizo wa hewa unaokaribia mara 12 ya huu tunaoishi nao. Humo ule ukungu wa PVB hutoweka, matabaka yakawa kitu kimoja chenye kupitisha nuru. Kazi hii haikubali haraka, maana fungu nene likipozwa upesi hubaki na mvutano ndani yake na huweza kupasuka bila kuguswa; hivyo tangi hukaliwa kwa saa nyingi na mzigo mchache, na saa hizo za tangi zimo ndani ya ankara ya mnunuzi, ajue asijue.

Tabaka la mwisho, lile linalomkabili mtu anayelindwa, katika vioo vingi vilivyo bora si kioo bali ni polikaboneti, plastiki angavu iliyovumbuliwa mwaka 1953 Ujerumani na Marekani, kila upande kwa njia yake. Kazi imegawanywa baina ya viwili hivyo. Kioo, kwa ugumu wake, huibonyeza na kuivunja ncha ya risasi na kuipunguza mbio. Polikaboneti, kwa ulaini wake, hukubali kuvutika pasi na kukatika, ikaidaka kama jarife linavyomdaka papa, kwa kumlegezea wala si kwa kushindana naye. Lakini polikaboneti huvimba kwa joto mara saba hivi kuliko kioo, na fauka ya hayo kemikali za kulainishia zilizomo katika PVB huidhuru. Kwa hiyo baina yao sharti litiwe tabaka la poliurethani, lenye kunyumbuka, na ambalo bei yake haifichiki. Hapo ndipo pia linapotokea kosa la kusikitisha: kioo cha namna hii kina uso na kisogo, na fundi akikifunga kinyume, plastiki ikaelekea barabarani, daraja iliyoandikwa katika hati yake haina maana tena. Mtengenezaji hubandika karatasi yenye kuonyesha upande wa shambulio, nayo isibanduliwe mpaka mwenye mali aione kwa macho yake kioo kikiwa kimekwisha simama.

Sasa tuje kwenye daraja, ambazo ndizo roho ya jambo lenyewe, na ambazo mnunuzi akizifahamu hataweza kuhadaiwa kwa urahisi. Nchi za Ulaya hufuata kanuni iitwayo EN 1063, yenye daraja saba, BR1 hadi BR7, mbali na zile mbili za bunduki ya shotigani. Katika jaribio kipande cha kioo cha sentimita 50 kwa 50 hupigwa risasi tatu zilizopangwa kwa pembetatu ambayo kila upande wake ni milimita 120, bastola ikiwa umbali wa mita 5 na bunduki ndefu mita 10. Ikiwa hakuna risasi iliyopita, kioo hupewa daraja yake. Angalia vyema kwamba ni risasi tatu, na si thelathini. Kanuni haikuahidi kioo cha milele. Imeahidi nafasi ya mtu kuinama, kubonyeza king'ora na kutokea mlango wa nyuma.

BR2 ni ya bastola ya milimita 9, ambayo risasi yake ya gramu 8 huruka mita 400 kwa sekunde na kubeba nguvu ya jouli 640. BR4 ni ya bastola kubwa ya .44 Magnum, jouli 1,500 hivi. BR6 ni ya bunduki ya kijeshi ya milimita 7.62 ya nchi za NATO, risasi ya gramu 9.5 ikienda mita 830 kwa sekunde, na nguvu yake hufika jouli 3,270, zaidi ya mara tano ya ile ya BR2. Hata hivyo nguvu peke yake haielezi kila kitu, kwani BR7 haizidi BR6 kwa nguvu ila kwa kiasi kisichostahili kutajwa, ilhali kioo chake huwa kinene na kizito zaidi kwa mbali. Sababu ni kwamba risasi ya BR6 ina moyo wa madini laini ya risasi unaosambaratika ukigonga kioo, na ile ya BR7 ina moyo wa chuma kigumu usiokubali kusambaratika.

Hapa mnunuzi wa Afrika Mashariki hana budi kutulia kidogo. Bunduki inayotisha zaidi katika habari za ujambazi wa nchi zetu ni AK-47, ambayo katika taarifa za Tanzania aghalabu hutajwa kwa jina la SMG, na risasi yake, milimita 7.62 kwa 39, haimo katika orodha ya EN 1063, kwa kuwa waliotunga orodha hiyo walikuwa na silaha nyingine mbele ya macho yao. Nguvu yake ni jouli 2,000 hivi, na nyingi za risasi hizo zina moyo wa chuma laini. Kwa hiyo mtu aliyeuziwa BR4 kwa maneno ya kwamba ni daraja ya juu, inayotumika katika mabenki, amenunua kinga ya bastola, wala asiiwekee matumaini mbele ya SMG. Njia iliyo salama ni kumtaka mtengenezaji aonyeshe hati ya jaribio lililofanywa kwa risasi hiyo yenyewe. Na zipo kanuni za VPAM, umoja wa maabara za majaribio za Ulaya, ambazo zimeitaja bayana na kuiweka katika daraja ya 6.

Hiyo 6 ya VPAM isichanganywe na BR6, ambayo ni bunduki nyingine kabisa, wala isichanganywe na daraja ya 6 ya kanuni ya Marekani, UL 752, ambayo ni risasi za milimita 9 tu, zipigwazo mara tano. Nambari moja, maana tatu. Muuzaji akisema "hiki ni daraja ya sita" akanyamaza, hajasema kitu.

Kuna na herufi mbili ndogo zinazofuata nambari, S na NS, ambazo wanunuzi wengi huziruka kwa kudhani ni alama za kiwanda. Wakati wa jaribio karatasi nyembamba mno ya aluminiamu hutungikwa nusu mita nyuma ya kioo. Ikitobolewa na vipande vya kioo vilivyoruka, daraja huandikwa S, isipotobolewa huandikwa NS. Maana yake ni kwamba kioo cha S kinaweza kuizuia risasi barabara na bado kikamrushia keshia machoni chembe za kioo kutoka upande wake wa ndani. Kwa ukumbi ambamo watu hukaa mbali, S yatosha. Kwa dirisha la keshia, ambaye uso wake u karibu na kioo kwa siku nzima, mimi singeikubali hata kwa nusu bei.

Sonara, kwa upande wake, huenda hahitaji lolote katika hayo kwa ajili ya kabati lake la maonyesho, kwani anayelivamia kabati huja na nyundo au shoka, mtu ambaye ana kanuni yake nyingine, EN 356, ambamo kioo huangushiwa tufe la chuma la kilo 4.11 kutoka kimo cha mita kadhaa, na katika daraja za juu hupigwa kwa shoka, mapigo yakihesabiwa mpaka kupita 70. Kioo cha namna hiyo ni chepesi na rahisi kuliko cha risasi. Hata ule mchoro mashuhuri wa Mona Lisa, uliomo nyuma ya kioo cha kuzuia risasi katika jumba la Louvre, miaka ya karibuni umekingwa na keki mwaka 2022 na supu mwaka 2024. Adui anayekuja si lazima awe yule uliyemtazamia, kwa hiyo apimwe kwanza kabla ya kupima dirisha.

Kioo kikiisha kuchaguliwa, kazi haijafika nusu. Risasi haina wajibu wa kupiga kioo, hupiga popote. Nimeona madirisha ya fahari, kioo chake kinene cha kutisha, yakiwa yamesimama juu ya kaunta ya mbao za kubandika ambazo bastola yoyote ingezipita kama hazipo, na kifua cha keshia kiko nyuma ya mbao hizo, si nyuma ya kioo. Kaunta sharti ijazwe bamba la chuma la daraja ile ile ya kioo, au ijengwe kwa zege. Ukuta nao utazamwe: tofali za saruji zenye matundu ni ganda tu, na mpaka matundu yake yajazwe zege yenye nondo haziwezi kulinganishwa na kuta nene za mawe na chokaa za majengo ya kale ya Unguja au Mombasa. Fremu ina daraja zake, FB1 hadi FB7, zilizotungwa makusudi zilingane na za kioo, na sharti izifunike kingo za kioo kwa upana wa kutosha, kwa sababu ukingo ndio mahali kilipo dhaifu. Sahani ya kupitishia fedha iwe imezama chini ya kaunta kwa namna ambayo hapana mstari ulionyooka kutoka mkono wa mteja hadi kwa keshia. Na tundu la sauti lisitobolewe katikati ya kioo na fundi wa mtaani, ambaye kwa tundu hilo ataiharibu kazi yote, bali liagizwe tangu kiwandani, lenye kikingio mbele yake.

Uzito hauna budi kuhesabiwa mapema. Kioo huwa na kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba katika kila milimita ya unene, kwa hiyo kioo kitupu cha milimita 40 ni kilo 100 kwa mita moja ya mraba, na cha milimita 75, unene unaoweza kuhitajika kwa daraja za juu kabisa, hukaribia kilo 190. Polikaboneti ina uzito usiofika nusu ya huo, na hii ndiyo sababu mchanganyiko wa viwili, japo ni ghali dukani, mara nyingine huwa rahisi ukishajumlisha nauli ya meli, winchi, na fremu ambayo haikuhitaji kuwa nene mno.

Ama bei zenyewe, huko Marekani, ambako wauzaji ni wengi na ushindani ni mkali, vioo vya daraja za bastola huuzwa kwa makumi ya dola kwa futi moja ya mraba, na vile vya bunduki ndefu hupita dola 100. Tuchukue dirisha la keshia lenye upana wa mita 1.2 na kimo cha mita 1, ambalo ni futi za mraba 13 kasoro kidogo: muuzaji akidai dola 60 kwa futi, kioo chake ni dola 780 hivi, na akidai 150 ni dola 1,950. Wengi hukomea hapo katika hesabu, wakashangaa baadaye. Juu ya kioo kuna fremu, sahani, chuma cha kaunta, kreti la mbao la kusafirishia, bima, nauli, ushuru wa forodha, wakala wa bandarini, na mafundi. Na kwa dirisha moja dogo si ajabu yote hayo kwa pamoja yakakizidi kioo. Wala usisahau kwamba kioo kilichokwisha kutoka kiwandani hakipunguzwi upana kwa msumeno wa fundi. Kipimo kikikosewa kwa sentimita mbili, kimenunuliwa bure. Mwenye kukinunua sharti fremu yake ijengwe na kupimwa kwanza, ndipo kioo kiagizwe, ila kama vyote viwili vinatoka kwa mtengenezaji mmoja anayechukua dhamana ya kuoana kwavyo.

Ughali huu huwavuta watu kwa wanaouza njia za mkato. Plastiki ya kubandika juu ya dirisha la kawaida ni kitu chenye manufaa yake, kwani huvishika vipande kioo kinapovunjwa na humchelewesha mwizi, lakini haizuii risasi, na asemaye inazuia anasema uongo. Kioo kilichokazwa kwa moto, kile kivunjikacho chembechembe, ni kigumu kwa mpira wa watoto na kwa kiwiko cha mlevi, lakini peke yake risasi ya kwanza humwaga chote chini. Dai hati ya jaribio yenye jina la maabara, kanuni, daraja, herufi yake, unene, na mpangilio wa matabaka; kisha mzigo ukifika upime unene huo kwa rula ukingoni na utafute muhuri wa mtengenezaji katika pembe ya kioo. Sehemu ya malipo ibakie mkononi mwako mpaka hati na kioo vikubaliane.

Kwa duka dogo, na kwa wakala wa fedha za simu mwenye kibanda cha bati, nasema bila kuzunguka: usinunue. Kioo cha kweli katika ukuta usio wa kweli ni mapambo. Fedha hiyo ikitumika kununua kasha la chuma lenye kufunguka kwa saa maalumu, taa nzuri, na kupunguza noti zinazolala droo, itakulinda zaidi, kwa kuwa jambazi huvutwa na kilichomo ndani kabla hajatishwa na kilicho nje.

Atakayenunua ajue pia kwamba pwani yetu haivihurumii vioo hivi. Unyevu na chumvi hupenya kingoni mwa matabaka, jua hupasha upande mmoja ilhali kiyoyozi hupooza upande wa pili, na plastiki ikavimba na kunywea kila siku ya Mungu. Fremu iwe na njia ya kutolea maji chini, kingo zifungwe kwa gundi iliyoidhinishwa na mtengenezaji, na upande wa polikaboneti usafishwe kwa maji ya sabuni hafifu na kitambaa laini tu. Dawa za vioo zenye amonia huufanya upate ukungu na nyufa ndogondogo, na gazeti kavu huuchora. Kila baada ya miezi michache tazama kingo zote nne. Weupe wa namna ya maziwa unaoanza kutambaa kutoka pembeni, au mapovu, ni dalili kwamba matabaka yameanza kuachana, na wakati wa kumwita mtengenezaji ni sasa, muda wa dhamana ukiwa haujapita.